Tuzo Bila Ubeti

Kila sanaa ina mahali pa kuweka kikapu. Mpiga gita wa barabarani hulaza kofia miguuni. Katika misa kikapu hupita baada ya mahubiri. Muuzaji wa dawa ndani ya matatu husema kwanza maneno yake yote, kuanzia minyoo hadi maumivu ya mgongo, ndipo anyooshe mkono. Ukidhani mahali pa kikapu si kitu, kihamishe uone. Padri akipitisha kikapu kila baada ya sentensi tatu, mahubiri yale hayatakuwa mahubiri tena. Yatakuwa sentensi tatu tatu.

Video za mtandaoni za Wakenya nimekuwa nikizitazama kwa jicho hilo. Ni jicho la kazi. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokatika, nikiwa katikati ya kozi ya fasihi, na tangu hapo nimekula kwa kuandikia watu: makala, maelezo ya bidhaa, skripti za YouTube. Chuoni tulifundishwa kuuliza kazi yoyote maswali mawili: nani anazungumza, na anazungumza na nani? Mtaani nikaongeza mengine mawili: nani analipa, na analipa lini? Haya ya pili ndiyo yamenifunza zaidi kuhusu hizi video.

Uhakiki mwingi wa video hizi hapa nyumbani haufiki mbali. Huishia kwenye sentensi mbili: vijana wameomoka, ama vijana wamekuwa ombaomba. Gazeti litaandika kuhusu gari jipya la fulani. Mzee wa kikundi cha familia WhatsApp atasambaza klipu ya msichana anayeomba waridi TikTok, chini yake aandike "tumefika wapi jamani". Agosti 2023 ombi liliwasilishwa Bungeni likitaka TikTok ipigwe marufuku nchini. Kwenye hizo kelele zote nilitega sikio nisikie swali ambalo riwaya mbovu kabisa huulizwa: kazi yenyewe ikoje, na pesa inapoingia inaifanya nini? Sikulisikia.

Wacha tuanze kwa kuondoa aibu. Msanii kulipwa na hadhira, mbele ya watu, noti ikionekana, si jambo lililoletwa na simu. Kwenye taarab ya pwani, Unguja hadi Mombasa na Lamu, msikilizaji huinuka akaenda jukwaani kwa madaha, noti juu, kumtuza mwimbaji. Na haendi wakati wowote tu. Anangoja ubeti. Kuna mstari umemchoma yeye, ama kuna mstari anataka umchome mtu aliyeketi safu ya pili ambaye anajijua. Hapo ndipo anainuka. Ukumbi mzima unageuza shingo kuona anaangalia wapi. Mwimbaji hakumtaja mtu, mtunzi hakumtaja mtu, lakini noti imetaja. Ukiniuliza, huo ni usomaji wa shairi. Mtuzaji amesikiliza, amechagua mstari, ameupa maana ambayo haikuwepo dakika moja iliyopita, na amelipia maana hiyo mfukoni mwake. Mhadhiri wangu angehitaji kurasa kumi kufanya hivyo.

Upande wa ziwa kuna pakruok. Katika ngoma ya Waluo, iwe nyatiti, benga ama ohangla, mtu hutoa pesa na muziki unasimamishwa ili azungumze. Anajisifu, anamsifu shemeji, anataja kwao, anatia chumvi, anachekesha. Kisha muziki unarudi. Kutoa pesa pekee hakutoshi. Ukishika kipaza sauti uwe na maneno. Mwenye noti nyingi na ulimi mzito ataonekana wazi, na kijana wa shilingi hamsini akiwa na mdomo mtamu ndiye atakayekumbukwa asubuhi.

Hata ushindani wa matumizi tunaujua. Vyama vya lelemama vya wanawake wa Mombasa katika karne iliyopita vilishindana kwa mavazi, kwa nyimbo za kurushiana maneno na kwa karamu, na pesa nyingi ziliteketea huko. Kwa hivyo anayeniambia watu kushindana kutoa pesa mbele ya umati ni ugonjwa wa kizazi changu, nitamwambia aulize bibi yake.

Tofauti iko kwenye mahali pa kikapu. Basi tukifuate, njia moja baada ya nyingine.

Njia kongwe ni tangazo. YouTube ilianza kugawana mapato ya matangazo na wenye video mwaka 2007. Siku hizi, ili uingie kwenye mgao huo unahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, ama utazamwe mara milioni 10 kwenye video fupi ndani ya siku 90. Ukishaingia, unapata asilimia 55 ya mapato ya matangazo yanayowekwa kwenye video zako ndefu. Pesa haitumwi hadi ifike dola 100, na kuna watu nawajua wamekaa miezi wakiiangalia ikipanda senti kwa senti kama mtu anayengoja maji ya tangi la mtaa.

Hapa hadhira haitoi hata ndururu. Inatoa macho, na macho hayo yanauzwa kwa mtu wa tatu. Bei ya macho nayo si moja. Kampuni inayomtafuta mnunuzi wa Texas hutoa zaidi kuliko inayomtafuta mnunuzi wa Thika, na hilo halina uhusiano wowote na jinsi huyo wa Thika alivyocheka.

Pesa ya namna hii inafanya mambo mawili kwa kazi, na yote mawili nimeyaandika kwa mkono wangu.

La kwanza ni urefu. Ili video iruhusiwe kuwekwa matangazo katikati, lazima ifike urefu fulani: zamani dakika kumi, na tangu Julai 2020 dakika nane. Mteja wangu mmoja, mwenye chaneli ya visa vya mapenzi na usaliti, alinipa agizo la mstari mmoja: skripti isishuke dakika nane na nusu. Kisa chenyewe kilikuwa cha dakika nne. Unajua kinachofuata. Unaongeza mvua. Unamsimamisha mhusika mlangoni afikirie maisha yake. Unarudia kilichosemwa, kisha unamfanya jirani akirudie kwa mshangao. Ukimaliza unakuta umeandika kisa cha dakika nne kilichovaa koti la babake. Sasa nikitazama video za watu wengine naona mishono. Naona kabisa pale ambapo msimulizi amemaliza na saa haijamaliza.

Watasema hata wasimulizi wa zamani walivuta hadithi. Ni kweli, bibi zetu walivuta. Walivuta kwa sababu mtoto amefungua mdomo na hapumui, na uzi unaweza kuongezwa bila kukatika. Mvutano ulipimwa kwa uso wa msikilizaji aliye mbele. Dakika nane haina uso.

La pili ni lugha, na hili ndilo linaniuma. Mwezi wa tatu wa kazi ile mteja alinionyesha simu yake. Video mbili, zimetazamwa karibu sawa. Moja ilikuwa ya Kiswahili, iliyoangaliwa zaidi Kenya na Tanzania. Ya pili ya Kiingereza, iliyobahatika kuwafikia watu wa Marekani na Uingereza. Ya pili ilikuwa imelipa mara kadhaa ya ile ya kwanza. Akasema tuhamie Kiingereza. Sikuwa na hoja ya kumpinga; ana kodi ya nyumba, nami pia. Isitoshe, hata hiyo pesa ya ng'ambo haifiki nzima, maana tangu 2021 YouTube hukata kodi ya Marekani kwenye sehemu iliyotokana na watazamaji walio huko. Lakini hata baada ya makato, Texas bado inamshinda Thika.

Nikaanza kutafsiri skripti zangu za nyuma. Kulikuwa na kisa cha msichana aliyetoroka nyumbani, akarudi baada ya miaka miwili na mtoto mgongoni. Mama yuko jikoni anachambua sukuma. Anainua macho anasema, "Umekuja?" Basi. Kisha anasogeza kigoda. Mkenya yeyote anajua neno hilo lina nini ndani: hasira, shukrani, njaa ya miaka miwili, na chakula kilicho njiani. Kwa Kiingereza likawa swali la mtu asiyeona vizuri. Nikalazimika kumfanya mama alie, amkumbatie binti, aseme anampenda. Video ilifanya vizuri. Mama yule simjui.

Ndiyo maana nasema bei ya tangazo ni suala la fasihi, hata kama hakuna kitivo kitakalolifundisha. Mfumo wa tangazo haumkatazi mtu kuzungumza Kiswahili. Unamlipa kidogo tu akizungumza, kila mwezi, mpaka ajikataze mwenyewe.

Na bado wapo waliokataa. Abel Mutua, ambaye wengi tulimjua kwanza kama Freddy wa Tahidi High, anaketi mbele ya kamera na kusimulia visa virefu kwa Kiswahili cha Nairobi, kile chenye Sheng ndani na Kiingereza cha kuokota. Anachofanya kinaonekana rahisi mpaka ujaribu. Anakumbuka majina ya mitaa, anaigiza sauti, anarudi nyuma kuokota jambo alilolitupa mapema, na anapovuta ni kwa sababu anajua umeshika uzi upande wa pili. Hivyo usinielewe kwamba urefu ni ubaya. Video ndefu iliyojazwa na mtu na video ndefu iliyojazwa na saa ni vitu viwili, na sikio la kawaida linatofautisha bila kufundishwa.

Njia ya pili ni hadhira kulipa moja kwa moja ndani ya jukwaa. YouTube ilileta Super Chat mwaka 2017: wakati wa matangazo ya mubashara mtazamaji analipa, ujumbe wake unapakwa rangi na kubandikwa juu. Akilipa zaidi, ujumbe unaweza kuwa mrefu zaidi na unakaa juu muda mrefu zaidi. Mwenye chaneli hupata asilimia 70. Mara ya kwanza kuiona nilicheka, kwa maana niliona pakruok. Mtu analipa, shughuli inasimama, maneno yake yanasomwa.

Tazama vizuri lakini. Kwenye pakruok pesa inakununulia nafasi, na ukumbi ndio unaamua kama maneno yako yanastahili nafasi hiyo. Utazomewa ukiboesha. Kwenye Super Chat pesa inanunua nafasi, inanunua urefu, na inanunua muda wa kukaa ukutani. Hakuna anayeweza kukuzomea ukashuka. Ndiyo maana jumbe nyingi zinazolipiwa ni za aina moja: salamu kutoka Qatar, salamu kutoka Kitengela, mungu akubariki bro. Si vibaya, salamu ni salamu, na redio zetu zimeishi kwa salamu miaka mingi. Ila pakruok bila hatari ya kuaibika ni kadi ya salamu tu.

Njia ya tatu ndiyo inayonikosesha usingizi, na nasema hivyo kwa maana halisi kwa sababu huonyeshwa usiku. Ni zawadi za TikTok Live, hasa zile mechi. Kama hujawahi kuangalia, hivi ndivyo ilivyo. Skrini imegawanywa mara mbili, mtu huku na mtu kule. Saa inahesabu dakika tano kurudi nyuma. Watazamaji wananunua sarafu za programu kwa pesa halisi, wanazigeuza zawadi za katuni, wanamtumia wanayemuunga mkono. Waridi ni sarafu moja. Simba ni sarafu 29,999. Kila zawadi inasukuma mstari wa rangi upande wa mwenzako. Saa ikiisha, aliyeshindwa anapewa adhabu: apige pushapu, ajipake unga, abweke. Kisha mechi nyingine.

Sitasema hakuna sanaa humo. Kuna watu wana kipaji kikubwa cha kuongoza mechi. Nimewasikiliza wakiita majina ya watoaji kwa kasi ya konda wa Githurai saa kumi na mbili jioni, kila jina na sifa yake, kila sifa na kina chake, bila kukwama, sauti ikipanda saa inapofika sekunde thelathini. Huo ni utenzi wa sifa, na wengi wanautunga papo hapo. Ningependa mtu mwenye kinasa sauti na digrii aende akaukusanye kabla haujapotea, maana matangazo yakizimwa mara nyingi maneno yameenda.

Shida ni kwamba utenzi huo una mada moja: mtoaji. Mwenye simba anasifiwa kwa kutoa simba. Hakuna kisa, hakuna fumbo, hakuna mpenzi aliyekosa, hakuna jirani aliyechomwa. Kwenye taarab pesa inafuata ubeti. Hapa ubeti unafuata pesa, na pesa inafuata saa. Angalia zawadi kubwa zinamiminika lini: sekunde za mwisho. Hazitoki kwa sababu kuna jambo limesemwa. Zinatoka kwa sababu mstari wa rangi unarudi nyuma. Unaweza kuzima sauti ukatazama mechi nzima na usikose chochote. Sanaa ya maneno inayoweza kutazamwa ikiwa bubu ina jambo la kujibu.

Na tuzungumze makato, kwa sababu anayetoa waridi anadhani amempa mtu waridi. Mwaka 2022 BBC ilichunguza familia za Wasyria waliohamishwa na vita, zilizokuwa zikikaa kambini kaskazini-magharibi mwa Syria na kuomba zawadi TikTok kwa saa nyingi, watoto wakiwa mbele ya kamera. Waandishi wakajaribu wenyewe: walituma zawadi za dola 106, na akaunti ya kupokea ikaonyesha dola 33. Duka la kutoa pesa na wakala aliyewaunganisha nao walikuwa na fungu lao. Familia ingebaki na dola 19. TikTok ilisema maudhui ya aina hiyo hayaruhusiwi na kwamba makato yake ni chini sana ya kiasi hicho. Syria si Kenya, najua. Lakini mlango wa kutumia ni uleule: sarafu, zawadi, makato, wakala. Kwenye taarab noti ikitoka mkononi mwa mtuzaji inaingia mkononi mwa mwimbaji, kila mtu anaona, na kama kiongozi wa kikundi anamdhulumu mwimbaji angalau mtaa unajua wa kusengenya.

Hili lina uzito zaidi kwetu kwa sababu milango mingine ilikuwa imefungwa. TikTok ilipoanzisha mfuko wake wa kuwalipa watengenezaji video mwaka 2020, ulianzia Marekani na kuingia Ulaya. Kenya haikuwemo. Kijana wa Kayole angeweza kutengeneza video ya dakika moja yenye ucheshi wa hali ya juu, ikatazamwa na nusu ya nchi, na jukwaa lisimlipe kwa kutazamwa huko. Lakini kwa kukaa mubashara usiku akiita majina, kuna kitu angepata. Basi tusishangae alipokwenda. Hakuacha ucheshi kwa uvivu. Kikapu kiliwekwa upande ule.

Wengine walienda njia ya nne, ya kampuni. Aprili 2020 Azziad Nasenya alicheza Utawezana ya Femi One na Mejja kwa sekunde chache, na nchi iliyokuwa imefungiwa ndani kwa korona ikamtazama mpaka ikamkariri. Kilichofuata ni redio, uigizaji na kazi za matangazo ya kampuni. Hiyo ndiyo ramani ambayo wengi wameifuata tangu hapo: video ni bure, umaarufu ndio mali, kampuni ndiyo mnunuzi. Ina heshima yake, na imelisha watu. Ila msanii anayelipwa na kampuni hujifunza haraka yapi hayachekeshi. Na kampuni zenye pesa ya haraka mara nyingi zimekuwa za kamari. Aprili 2025 serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na ulihitaji tu kufungua simu siku zilizotangulia kujua kwa nini: mcheshi anakuchekesha kuhusu kukosa kodi ya nyumba, kisha sekunde ya arobaini anakuonyesha jinsi ya kuweka dau.

Serikali yenyewe ilishaona kikapu kabla ya wahakiki. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya kidijitali ya wakaazi wa Kenya. Pendekezo la awali lilikuwa asilimia 15. Sipingi kulipa kodi. Nashangaa tu kwamba taasisi iliyosoma kazi hizi kwa makini kuliko zote ni KRA.

Imebaki njia moja, na hii ni yetu. Chini ya video, ama kwenye kona ya skrini, kuna namba ya Till ya M-Pesa. Hakuna sarafu wala simba. Mtu ametazama, amecheka ama amelia, anafungua simu ileile anatuma shilingi hamsini ya chai. Jukwaa halikati, na jina linafika kwa meseji. Dada ya namba hii ni tiketi. Njugush na mkewe Celestine Ndinda walichukua ucheshi wa nyumbani uliokuwa ukitazamwa bure mtandaoni wakaupeleka jukwaani kwa jina Through Thick and Thin, watu wakanunua tiketi, wakaketi, wakacheka pamoja kwenye ukumbi mmoja.

Kuna mabadiliko naona kwa wanaotegemea zaidi njia hizi, na nayasema kama mtu anayehesabu sentensi kwa riziki. Kwanza, hawakimbii kuomba. Video nyingi za tangazo huanza na ombi: kabla hatujaanza, jisajili, gonga kengele. Fanani wa zamani naye aliomba mwanzoni, akasema paukwa, na hadhira ikajibu pakawa. Tofauti ni kwamba jibu la pakawa lilikuwa sehemu ya hadithi. Lilimfanya msikilizaji awe mwenyeji wake. Kengele haikufanyi mwenyeji wa kitu. Msimulizi wa Till analazimika kumaliza kwanza, kama yule muuzaji dawa wa matatu, kwa sababu hakuna atakayelipia chai ya kisa ambacho hakijaisha. Pili, lugha inarudi. Anayelipa yuko Thika, kwa hivyo Thika inazungumziwa kwa lugha yake. "Umekuja?" inaweza kubaki "Umekuja?" Tatu, urefu unarudi kuwa wa kisa.

Sitajifanya kwamba Till ni wokovu. Shilingi hamsini hamsini hazijengi haraka, na mwezi ukiwa kwenye tarehe ishirini na tano watu hawana chai yao wenyewe, sembuse ya msimulizi. Tiketi inahitaji jina kubwa, ukumbi na mtu wa kukukopesha pesa ya ukumbi. Kijana anayeanza hana hivyo vyote. Ataanzia kwenye tangazo ama kwenye mechi, na mimi mwenyewe nitaendelea kuandika skripti za dakika nane na nusu kwa sababu zinalipa. Nachokataa ni ile hali ya kutazama kazi inayotoka huko na kusema huu ndio ubunifu wa vijana, huu ndio uwezo wao. Hapana. Huo ni uwezo wao ukiwa umekunjwa utoshe kwenye kikapu cha mtu.

Kwa hivyo hukumu yangu, kwa aliyetaka hukumu: tangazo linarefusha kazi na kuihamisha lugha, mechi inaifanya bubu, kampuni inaitia adabu, na hadhira inayolipa mwishoni kwa mkono wake ndiyo inayoiacha iseme. Mhakiki wa video za Kenya asiyejua kikapu kiko wapi anahakiki kivuli.

Na wewe unayetazama una sehemu yako, kwani katika mila zetu zote mbili nilizotaja, mtoa pesa hakuwa mkoba. Alikuwa msikilizaji mwenye maoni. Leo usiku ukiwa na hamsini ya kutoa, usiitoe kwa sababu saa inaisha. Ngoja mstari. Ukikufika, tuma, na uandike ni upi. Msimulizi akiamka asubuhi akakuta meseji tatu, zote zimetaja sentensi ileile aliyokuwa karibu kuifuta, atajua la kufanya na hadithi ijayo.